Miguu Inapokosa Nguvu Uzeeni: Usiseme ni Umri Tu

Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana wakati wa kutia udhu. Mzee anainama, anafumba macho ili aoshe uso, na ghafla anayumba kana kwamba ardhi imesogea. Anashika ukuta, anacheka, anasema ni uzee. Baada ya muda anaacha kwenda msikitini alfajiri, kwa sababu gizani miguu haimtii. Watu wa nyumbani nao wanakubali kwamba ni umri.

Lakini mara nyingi si umri peke yake. Mishipa ya fahamu inayofika hadi nyayo ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na kwa kawaida ndiyo huumia kwanza. Ikiharibika, ubongo haupati habari kamili ya mahali mguu ulipokanyaga. Mchana macho huziba pengo hilo. Usiku, au macho yakifumbwa, msaada huo haupo, na ndiyo sababu mtu aliyetembea vizuri saa sita mchana anaweza kuanguka saa kumi za alfajiri akielekea chooni. Wengine huanza na ganzi vidoleni, nyayo kuwaka moto au kuchomwachomwa kama kwa sindano. Baadaye vifundo hulegea, na kandambili huchopoka mguuni bila mwenyewe kujua.

Kisukari ndicho chanzo kikubwa, na wengi hawajui kwamba wanacho. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, huharibu mishipa hiyo polepole. Hapa kwetu chupa ya chai yenye sukari tele haikauki kutwa, na anayeipunguza huonekana kama amewanyima wageni. Sababu nyingine ni upungufu wa vitamini B12, ambayo hutoka kwenye maziwa, nyama, mayai na samaki. Familia iliyopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023, ikabaki na wali na chai isiyo na maziwa, inaweza kuingia katika upungufu huu. Metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi pia hupunguza B12. Usiiache kwa sababu hiyo. Mwulize daktari kama unahitaji kupimwa. Na anayemeza dawa za kifua kikuu akianza kuhisi ganzi, amwambie mhudumu mapema, kwa kuwa vitamini B6 hutolewa kuzuia hilo.

Kuna jambo moja ambalo lazima tulizungumze waziwazi. Bado wapo wanaopeleka mguu wenye ganzi kuchomwa kwa chuma cha moto. Tunaheshimu ujuzi wa wazee wetu, lakini mguu usiohisi hautakuonya moto ukizidi, na kwa mwenye kisukari kidonda hicho huchukua muda mrefu kupona. Kikioza, mtu anaweza kukatwa mguu. Hatari ni ile ile kwa anayeota moto karibu na jiko, anayetia miguu kwenye maji ya moto bila kuyapima kwa kiwiko, au anayetembea pekupeku palipo na miiba.

Kutia udhu kunaweza kuwa kinga. Anayeosha miguu mara tano kwa siku ana nafasi tano za kuikagua. Kausha katikati ya vidole, angalia nyayo kwa kioo au mwombe mjukuu akutazamie, na kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Viatu vinavyofunika vidole na kufungwa nyuma ni bora kuliko kandambili. Anayeyumba atie udhu akiwa ameketi, na asiyeweza kusimama aswali kwenye kiti, dini imemruhusu.

Nguvu iliyopungua inaweza kurudi kwa kiasi, lakini si kwa kulala mkekani. Keti kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, inuka, keti tena, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Kisha shika ukuta, simama kwa vidole, ushuke polepole. Mtu awe karibu nawe siku za mwanzo. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu. Wengi huishika kinyume, na mwandishi wa makala haya alimwona nyanya yake akifanya hivyo kwa miaka miwili kabla mtaalamu wa viungo hajamrekebisha. Usiku weka tochi karibu na mto, na ondoa mitungi na kamba njiani kuelekea chooni.

Udhaifu wa ghafla ni jambo tofauti kabisa. Upande mmoja wa mwili ukilegea au mdomo ukipinda, huenda ni kiharusi. Miguu yote miwili ikiishiwa nguvu kwa siku chache, au mtu akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kliniki.

Kwa wengine, anzeni na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mikoba waliyopewa wahudumu hao mwaka 2023 ina kifaa cha kupima sukari na cha kupima shinikizo la damu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7 au zaidi, nenda kituo cha afya kithibitishwe. Ukifika, omba wakupime hisia za nyayo pia. Ni uzi mwembamba wa plastiki unaogusishwa mguuni, hauumi. Ambaye hajajiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anaweza kupiga *147# au kwenda na kitambulisho chake kituo cha afya kilicho karibu.