Hesabu Jikoni: Mtoto na Punje za Maharage

Jioni moja binti yangu wa darasa la tatu alifunga daftari lake, machozi yakimlengalenga. "Mama, mimi hesabu siziwezi."

Nikamjibu upesi, "Usijali mwanangu, hata mimi zilinishinda."

Nilidhani namfariji, kumbe namrithisha woga wangu. Tena nilikuwa nasema uongo, kwani mimi ni muuguzi, na kila siku napiga hesabu za dawa.

Kesho yake kliniki, nikiandika kadi ya mtoto mchanga, niliziona tarehe za chanjo kwa macho mapya: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kila mara tunaongeza 4! Huo ni mfuatano wa namba, sawa na ule uliomliza binti yangu.

Jioni, tukichambua maharage, nilimwekea punje 1 juu ya sinia. Akaongeza 3 pembeni, zikawa 4: mistari 2 ya punje mbilimbili. Akaongeza 5, zikawa 9: mistari 3 ya punje tatutatu. Akaongeza 7, zikawa 16. Nikamuuliza, "Sasa utaongeza ngapi, na zitakuwa ngapi?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akaruka: "Naongeza 9, zitakuwa 25! Tano mara tano!" Hakuna aliyemwambia. Aliona mwenyewe.

Mama mwenzangu, jaribu nawe. Mwanao akishindwa kukariri jedwali la 9, mwandikie 18, 27, 36, mpaka 90. Mwache ajumlishe tarakimu za kila namba: 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6. Kila mara atapata 9. Akisema tisa mara saba ni 64, atajihakiki mwenyewe: 6 na 4 ni 10, basi amekosea.

Zingatia haya machache. Usikimbilie kumpa jibu. Akikosea, usimcheke wala kumpiga, muulize, "Umepataje?" Dakika 10 zinatosha, akichoka mwache akacheze. Na kama hukusoma sana, usiogope: kaa naye, mtafute pamoja.

Binti yangu hakuwa wa kwanza darasani. Lakini neno "siziwezi" sijalisikia tena kwake, wala mimi silitamki tena mbele yake.