Kijana Aliyenyamaza Mezani
Kisa cha Perceval, sehemu ya pili

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilimwacha Perceval katika msitu wa Wales, kijana aliyelelewa na mama mjane bila kujua hata deraya ni nini. Kaka zake wawili waliuawa vitani, baba yao akafa kwa majonzi, na mama akakusudia huyu kitinda mimba asisikie kamwe habari za mashujaa wa farasi. Lakini siku moja aliwaona watano porini, chuma chao kikimeta juani, akamwuliza mkubwa wao kama yeye ndiye Mungu.

Msomaji hucheka hapo, na Chrétien de Troyes alitaka acheke. Mshairi huyo Mfaransa alikitunga kisa chake katika miaka ya 1180 kwa ajili ya Philippe, mtawala wa Flanders. Ni zaidi ya mishororo 9,000, kila mmoja una mizani nane, kama zilivyo tenzi za Kiswahili, na vina vinakwenda viwili viwili. Ni mwendo wa haraka unaofaa kusomwa kwa sauti, na kicheko nacho huja haraka.

Kicheko hicho hakidumu. Kijana anapoondoka kwenda kwa Mfalme Arthur, anageuka akiwa umbali wa kutupa jiwe, anamwona mama yake ameanguka mwanzoni mwa daraja kama aliyekufa. Anampiga farasi fimbo, anakwenda zake. Chrétien hatii neno lolote la lawama. Analisimulia jambo lenyewe na kupita, na msomaji anabaki na uchungu ambao mhusika mwenyewe hana.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Perceval alifunzwa na mamaye, na ulimwengu ukamfunza tena, maana aliyashika maneno akaacha maana yake. Mama alimwambia kwamba msichana akimpa busu au pete, anaweza kupokea. Basi anamkuta msichana peke yake hemani, anambusu kwa nguvu, anamvua pete kidoleni, kisha anakaa kula chakula chake, akiamini kwamba anamtii mama. Baadaye msichana huyo anaonekana tena akiwa juu ya farasi aliyekonda, nguo zimechanika, akiadhibiwa na mwanamume wake mwenye wivu kwa kosa lisilo lake. Wasomaji wengi humchukia Perceval hapa, na wana haki. Mshairi angeweza kulifanya tukio la hemani kuwa mzaha tu, lakini anamrudisha yule msichana ili gharama ionekane.

Mwalimu wa pili ni Gornemant, mzee anayemfundisha kutumia mkuki na ngao. Anamwonya asiwe msemaji mno, tena aache kutaja kila mara kwamba mama ndiye aliyemfundisha. Ushauri mzuri, na ndio unaoleta msiba mkubwa wa kisa chote.

Perceval anafika katika ngome ya mfalme mlemavu ambaye, kwa kuwa hawezi kupanda farasi, hujiburudisha kwa kuvua samaki. Wanakaa kwenye meza ya pembe za ndovu. Kijana mmoja anapita na mkuki unaotoka damu kwenye ncha. Msichana anafuata akiwa ameshika grali, chombo cha dhahabu chenye vito, na kila mlo mpya unapoletwa, grali inapita tena mbele yao. Perceval anatamani kuuliza inampelekea nani chakula. Anamkumbuka Gornemant, anajiambia atauliza asubuhi. Asubuhi ngome haina mtu, na daraja linainuliwa farasi wake akiwa bado juu yake.

Binamu yake anamwambia baadaye kwamba angeuliza tu, mfalme angepona. Hapa hasira ya msomaji humgeukia mshairi: kijana anaadhibiwaje kwa kutii? Jibu linakuja Ijumaa Kuu, baada ya miaka mitano bila kuingia kanisani. Mjomba wake mtawa anamweleza kwamba dhambi ya kumwacha mama, aliyekufa kwa huzuni pale pale darajani, ndiyo iliyomfunga ulimi. Jibu hilo ni gumu, lakini ni la haki. Darajani aliona mtu ameanguka akapita, na mezani alikaa na mgonjwa usiku mzima akawaza adabu zake mwenyewe.

Msomaji aliyelielewa hilo mapema kuliko wote ni Wolfram von Eschenbach, mshairi wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 13. Alidai kwamba Chrétien hakukisimulia kisa sawasawa, akakitunga upya. Kwake Perceval, ambaye sasa anaitwa Parzival, anarudi ngomeni, na swali halihusu tena chombo: anamwuliza mfalme anasumbuliwa na nini. Ni badiliko dogo, lakini ndilo bora kupita yote yaliyofanyiwa kisa hiki.

Chrétien mwenyewe hakumaliza. Kazi yake inakatika katikati ya safari za Gawain, shujaa mwingine wa Mfalme Arthur, na washairi wengine wakaongeza maelfu ya mishororo kuifikisha mwisho. Sehemu ya tatu itamfuata Wolfram na Feirefiz, kaka wa Parzival kwa baba, mwana wa malkia mweusi wa Zazamanc. Anayetaka kujiandaa asome kwanza sura ya Ijumaa Kuu, tena asiisome kwa haraka.