Fahamu: Mwanafunzi mwenye ugonjwa wa akili anahitaji nini shuleni?

Ugonjwa wa akili unaweza kuwa ulemavu, ila hauonekani kwa macho. Ndiyo maana mwenye sonona huitwa mvivu, na mwenye skizofrenia hudhaniwa ana mapepo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban nusu ya magonjwa ya akili hujitokeza kabla ya miaka 18, umri wa kuwa shuleni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unawahusu pia wanafunzi hawa. Kifungu cha 24 kinawapa haki ya kusoma na wenzao na kurekebishiwa mazingira.

Marekebisho mengi hayana gharama: muda wa ziada wa mtihani, chumba tulivu, ruhusa ya kwenda kliniki bila adhabu. Usingizi ndio husahaulika zaidi, hasa bwenini. Mwenye ugonjwa wa baipola akiamshwa alfajiri kila siku kujisomea, kukosa usingizi kunaweza kumrudishia ugonjwa. Dawa nazo huweza kumsinzisha darasani. Kumchapa kwa hilo ni ukatili. Na siri yake ibaki kwa walimu wanaomhudumia tu, isitangazwe kwenye paredi.