Madhara ya Dawa kwa Watoto: Nani Anayaona, Nani Anayaandika?

Kabla dawa haijaruhusiwa kuuzwa, hujaribiwa kwa watu waliochaguliwa kwa uangalifu, na mara nyingi idadi yao haizidi elfu chache. Kanuni ya takwimu inatufundisha kwamba dhara linalompata mgonjwa mmoja kati ya 10,000 linahitaji wagonjwa wapatao 30,000 ili uwezekano wa kulishuhudia angalau mara moja ufikie asilimia 95. Majaribio ya kawaida hayafiki huko. Tena watoto ni wachache mno katika majaribio hayo. Dawa nyingi wanazopewa zilipimwa kwanza kwa watu wazima, kisha kipimo cha mtoto kikakadiriwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu usalama wa dawa kwa watoto imepatikana baada ya dawa kufika wodini, kwenye zahanati na majumbani, pale mtu fulani alipoona jambo lisilo la kawaida akaliandika.

Makala haya yanaeleza nini hutokea katika mwili wa mtoto, ishara zipi hupotea bila kutambuliwa, na taarifa moja inayojazwa katika kituo kidogo inafanya kazi gani.

Mwili unaokua

Mtoto mchanga hana ini wala figo zilizokomaa. Mwaka 1959 madaktari nchini Marekani walieleza vifo vya watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli kwa vipimo vikubwa. Tumbo lilivimba, mtoto akatapika, ngozi ikageuka rangi ya kijivu, kisha mzunguko wa damu ukadhoofika hadi kufa. Ini la mtoto mchanga halikuwa na uwezo wa kutosha wa kuibadili dawa hiyo ili itolewe mwilini, hivyo kila dozi iliongezeka juu ya iliyotangulia. Kupunguza kipimo kwa kufuata uzito peke yake hakukutosha. Umri wa mtoto kwa siku na wiki nao ulipaswa kuhesabiwa.

Kurithi nako kuna nafasi yake. Kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini. Wapo watu ambao miili yao huifanya kazi hiyo kwa kasi kubwa mno, na dozi ya kawaida huwa sumu kwao. Baada ya taarifa za watoto waliofariki kufuatia upasuaji wa mafindofindo, mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na za Umoja wa Ulaya zilitoa maonyo mazito na kuzuia matumizi ya kodeini kwa watoto. Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba takriban asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni inayoharakisha mabadiliko hayo, kiwango kikubwa kuliko kilichozoeleka Ulaya Kaskazini. Usalama uliothibitishwa kwa watoto wa bara moja hauwezi kuchukuliwa kuwa umethibitishwa kwa watoto wote.

Ishara zinazojificha nyuma ya ugonjwa

Mtu mzima husema, "Tangu nimeze dawa hii kichwa kinazunguka." Mtoto wa miezi minane hulia tu, na kilio kina sababu nyingi. Zaidi ya hayo, madhara ya dawa mara nyingi hufanana na ugonjwa wenyewe.

Tuchukue mfano wa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Kwa watoto na vijana inaweza kusababisha misuli kukakamaa ghafla: shingo inapinda, macho yanageuka juu, ulimi unatoka nje. Mzazi huona degedege; jirani husema ni mashetani. Tofauti muhimu ni kwamba mtoto huyu kwa kawaida ana fahamu zake: anasikia akiitwa, na anaogopa. Hali hii huitikia tiba haraka endapo mtoa huduma atauliza swali moja: "Amepewa dawa gani tangu jana?" Swali hilo lisipoulizwa, mtoto anaweza kutibiwa kifafa asichonacho, au kupelekwa mahali pasipo na tiba. Mzazi asijaribu kuamua mwenyewe kama ni degedege au ni dawa. Amwahishe mtoto kituoni pamoja na chupa au kifuko cha dawa aliyopewa.

Mfano wa pili ni artesuneti ya sindano. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo vya malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Ni dawa inayookoa maisha. Hata hivyo, ufuatiliaji uliofuata ulibaini kwamba baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na damu wiki moja au zaidi baada ya matibabu, wakati mtoto amekwisharudi nyumbani na familia imeanza kushukuru. Dawa haikuachwa kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni uangalizi: mtoto arudishwe kupimwa damu katika wiki zinazofuata, na mzazi aambiwe kabla ya kuruhusiwa kwamba weupe wa viganja, uchovu, kuhema haraka au mkojo mweusi ni sababu ya kurudi mara moja.

Mfano wa tatu ni wa ngozi. Vipele vichache vinaweza kuwa maudhi madogo yanayopita. Lakini vipele vinavyoambatana na homa, malengelenge, vidonda mdomoni au macho mekundu kwa mtoto anayetumia kotrimoksazoli, nevirapini au dawa ya kifafa vinaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa Stevens-Johnson, unaobambua ngozi na kuua. Hiyo ni dharura isiyosubiri kesho.

Kijiko na chupa

Si kila dhara hutokana na dawa yenyewe. Mengine hutokana na kipimo. Parasetamoli ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 80 hadi 120 kwa dozi. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, nayo yatosha. Lakini yapo matone yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Mama aliyezoea kupima mililita 5 akipewa chupa ya matone bila maelezo, atampa mtoto miligramu 500, zaidi ya mara nne ya kipimo cha juu kabisa. Ini ndilo litakalolipa. Makosa ya namna hii nayo yanapaswa kutolewa taarifa, kwa kuwa yakijirudia huonyesha kwamba lebo, vifungashio au maelekezo ndiyo yenye kasoro.

Taarifa inakwenda wapi?

Mfumo tulio nao ulizaliwa na msiba wa watoto. Dawa ya thalidomidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikatumiwa na wajawazito kupunguza kichefuchefu, na ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1961 zaidi ya watoto 10,000 duniani walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Hapakuwa na mahali pamoja ambapo daktari wa mji mmoja angejua kwamba mwenzake wa nchi nyingine ameona jambo lile lile. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa, ambao tangu mwaka 1978 kazi zake za kitaalamu zinaendeshwa kutoka mji wa Uppsala, Sweden. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Hazina ya Uppsala sasa ina taarifa zaidi ya milioni 30.

Nchini Tanzania, taarifa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Wataalamu huuliza: je, dhara lilikuja baada ya dawa, na kwa muda unaoeleweka? Lilipungua dawa iliposimamishwa? Kuna sababu nyingine inayoweza kulieleza? Je, limewahi kuonekana kwingine? Taarifa moja peke yake mara nyingi haithibitishi kitu. Taarifa tano zinazofanana, kutoka mikoa mitano, zinaweza kuwa onyo la kwanza kwamba kuna toleo bovu la dawa sokoni.

Kwa nini kalamu husita

Watoa huduma hutaja sababu tatu. Ya kwanza ni hofu ya kulaumiwa. Fomu ya taarifa si hati ya mashtaka. Lengo lake ni kujua dawa imefanya nini, na haimtafuti aliyekosea. Ya pili ni kukosa uhakika. Uhakika hautakiwi, shaka yenye msingi inatosha, na uchambuzi ni kazi ya wengine. Ya tatu ni wingi wa kazi. Lakini taarifa ya msingi ina mambo manne tu: mgonjwa ni nani (kwa herufi za mwanzo za jina au namba), dawa gani inashukiwa, nini kimetokea, na nani anayetoa taarifa. Kwa mtoto, tuongeze uzito, umri kwa miezi au siku, kipimo na nguvu ya dawa aliyopewa, tarehe ya kuanza dawa na ya kuonekana kwa dhara, na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa. Dawa za asili alizopewa nyumbani nazo ziandikwe, na mzazi aulizwe kwa upole ili asifiche.

Kwa mzazi na mlezi

Usimwachishe mtoto dawa za VVU, kifua kikuu au kifafa kwa uamuzi wako kwa sababu umeona maudhi. Kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko maudhi yenyewe. Rudi kituoni upesi, ueleze. Tunza chupa na vifungashio hadi matibabu yaishe. Tumia kipimio kilichokuja na dawa, wala si kijiko cha jikoni. Mtoto akipata mzio, omba jina la dawa liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, kisha ulitaje kila mnapokwenda kutibiwa. Nawe una haki ya kutoa taarifa, usisubiri kuulizwa: wewe ndiye uliyekuwa naye usiku, na mengi ambayo daktari hawezi kuyaona yameonekana kwako kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa usalama wa dawa huonekana kwanza kwa mtoto mmoja, katika kituo kimoja. Ukiandikwa siku hiyo, mtoto wa pili hatalazimika kuupitia.