Mipira Kumi na Miwili na Mizani Moja

Tunajua mikutano mingi ya vikundi huchelewa kuanza. Waliofika mapema hukaa chini ya mti wakingoja wenzao. Safari hii tunawaletea fumbo la kupitisha muda huo, na kikundi chochote kinachopima na kuuza bidhaa kitaona faida yake.

Tuanze na lile jepesi. Kuna mipira tisa inayofanana kabisa, lakini mmoja ni mwepesi kidogo kuliko mingine. Mkono hauwezi kuhisi tofauti. Mna mizani ya sahani mbili, ile ya kizamani, bila mawe yake. Mtaupataje mpira huo kwa kupima mara mbili tu?

Wengi hukimbilia kuweka minne huku na minne kule. Mizani ikiinama mnabaki na minne ya kushukiwa, na hiyo haimaliziki kwa mara moja iliyobaki. Dawa ni kugawa mafungu matatu: mitatu huku, mitatu kule, mitatu kaeni nayo kando. Sahani ikiinuka, mwepesi umo humo. Zikilingana, umo katika ile ya kando. Sasa imebaki mitatu. Pimeni mmoja kwa mmoja, wa tatu ukae chini, na jibu mmelipata.

Siri yenyewe ni kwamba mizani haina majibu mawili, ina matatu: kuinama kushoto, kuinama kulia, au kukaa sawa. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Mizani ikitulia twadhani haijasema kitu, kumbe imesema mengi, ati vyote vilivyo juu yake ni vizima! Basi kupima mara 2 hutoa majibu 9, na mara 3 hutoa 27.

Hebu sasa tuseme si mipira, ni pakiti za unga wa wimbi. Wanachama tisa wamefunga kila mtu yake, halafu fununu zinaenea kwamba moja imepunjwa. Mkianza kunyoosheana vidole, wote tisa watachafuka jina, na kikundi huweza kuvunjika hapo hapo. Kwa njia hii wanane wanasafishwa mbele ya watu wote kabla chai haijapoa.

Lile gumu lina mipira 12. Mmoja ni mbovu, lakini hatujui kama ni mzito au mwepesi. Mnapima mara 3. Mwaka wa 1946 Freeman Dyson, mtaalamu wa hesabu kutoka Uingereza, alichapisha njia ya kulitatua hata kwa mipira mingi zaidi. Hapa kila mpira una mashaka mawili, kwa hivyo kuna mashaka 24. Mkipima sita kwa sita yatabaki 12, na kupima mara mbili hakuwezi kutenganisha zaidi ya 9. Ndiyo maana tunaanza na minne kwa minne.

Ipeni nambari. Pimeni 1, 2, 3, 4 kwa 5, 6, 7, 8. Zikilingana, mbovu umo kati ya 9 na 12. Pimeni 9, 10, 11 kwa 1, 2, 3, ambayo sasa ni mizima. Zikilingana tena, mbovu ni 12. Upimeni na mzima mmoja mjue ni mzito au mwepesi. Zisipolingana, mmeshajua kama mbovu ni mzito au mwepesi, basi pimeni 9 kwa 10 na mtaupata.

Penye jasho ni pale upande wa 1 hadi 4 unapoinama mara ya kwanza. Sasa wekeni 1, 2, 5 huku na 3, 6, 9 kule. Wa 9 ni mzima, ni shahidi tu. Upande wa 1 ukiinama, ama 1 au 2 ni mzito, ama 6 ni mwepesi: pimeni 1 kwa 2. Upande wa 3 ukiinama, ama 3 ni mzito ama 5 ni mwepesi: pimeni 3 kwa 9. Zikilingana, ama 4 ni mzito, ama 7 au 8 ni mwepesi: pimeni 7 kwa 8. Na kama mara ya kwanza ni upande wa 5 hadi 8 ulioinama, fanyeni vile vile, ila geuzeni maneno mzito na mwepesi, na pia kuinama kuwe kuinuka.

Mkiwa na mipira 13 je? Mbovu bado utapatikana kwa mara 3, ila pengine hamtajua kama ulikuwa mzito au mwepesi. Hilo tunawaachia nyinyi.