Je, Wajua? Sabasaba iliyowatimua askari wa Amin

Kwa Mtanzania, Sabasaba ni sikukuu ya 7 Julai. Kwa askari wa Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa Uganda, ulikuwa mlio wa kutisha.

Ndilo jina ambalo Waganda waliupa BM-21, mtambo wa Kisovieti wa kurusha roketi uliotumiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, 1978–1979. Ukiutazama ni lori tu, lenye mabomba 40 mgongoni. Roketi zote hufyatuka kwa sekunde 20 hivi, zikivuma, na huweza kutua kilomita 20 mbele. Kisha dereva anakanyaga mafuta, na wafyatuaji wanahama kabla adui hajajibu. Hivyo ndivyo wanavyopona.

Katika vita hivyo, Divisheni ya 20 ya JWTZ, iliyosonga hadi Kampala, iliongozwa na David Musuguri, mzaliwa wa Butiama. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104.