Mbale na Taka: Maelezo Juu ya Upimaji wa Dhahabu Mgodini na Istilahi Zake

Mwanaisimu anayeunda istilahi za madini huelekea kudhani kwamba maneno mbale na taka hutaja vitu viwili vilivyotenganishwa na maumbile yenyewe. Kamusi zetu hueleza mbale kuwa ni mawe yenye madini. Kwa hiyo, jiwe lenye dhahabu litakuwa mbale, na lisilo nayo litakuwa taka. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mgodini mambo hayaendi hivyo, na kwamba fasili hiyo imebeba ndani yake ugomvi wa watu halisi.

Tuchukue mfano wa Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako mgodi wa zama za ukoloni ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Miamba ya huko ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na miongoni mwake mna miamba ya chuma yenye matabaka. Maji ya moto kutoka chini sana ardhini yalipenya katika nyufa zake yakiwa yamechukua dhahabu na salfa. Salfa ilishikamana na chuma, na dhahabu, ikiwa imekosa wa kuibeba, ikabaki mwambani. Kiasi chake hupimwa kwa gramu katika kila tani ya mawe. Gramu moja kwa tani ni sehemu moja katika milioni, na aghalabu jicho haliwezi kuiona.

Ndipo inapoanza kazi ya mjiolojia wa shimoni. Mwamba hutobolewa mashimo yaliyokaribiana, unga wake hutiwa mifukoni, na katika maabara sampuli huyeyushwa pamoja na risasi, ambayo huikusanya dhahabu yote iliyomo. Kwa vipimo hivyo mjiolojia huchora mipaka: hapa pa kwenda kinuni, pale pa kwenda jaani. Lakini baruti ikilipuka, mwamba husogea, na mipaka haina budi kusogezwa pamoja nao. Asipofanya hivyo, mbale hutupwa na taka husagwa. Kule kuchanganyika kwa mbale na taka napendekeza tukuite uzimuaji, kwani mpishi azimuaye uji na mchimbaji azimuaye mbale wanafanya jambo lile lile, ijapokuwa wa pili hafanyi kwa kupenda.

Tatizo gumu zaidi ni kwamba dhahabu haikutawanyika sawasawa. Sampuli mbili zilizochukuliwa hatua moja tu baina yake zaweza kutofautiana mara kumi, kwa sababu ya chembe moja nene iliyoangukia katika mfuko mmoja. D. G. Krige alilichunguza suala hili katika migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na kutoa tasnifu yake mwaka 1951. Alionyesha kwamba sehemu ambazo sampuli zake zilisifu mno kwa kawaida hutoa pungufu ya ahadi, na zile zilizodharauliwa hutoa zaidi; kwa hiyo kadirio jema huvutwa kuelekea wastani. Mfaransa Georges Matheron aliikuza nadharia hiyo na kuipa njia yake jina la Krige. Sioni ubaya wowote wa kitenzi kukrigi, ingawa najua baadhi ya wenzetu watakunja nyuso.

Sasa turudi kwenye mpaka wenyewe. Jiwe likishalipuliwa na kupakiwa katika lori, gharama ya kulichimba imekwisha kulipwa. Swali linalobaki ni moja tu: je, dhahabu itakayopatikana humo italipa gharama ya kulisaga na kulisafisha? Tuseme gharama hiyo ni sawa na thamani ya nusu gramu: tani yenye robo gramu itakwenda jaani, nayo ina dhahabu. Bei ya dhahabu ikipanda maradufu na gharama isibadilike, kikomo hushuka, na tani ile ile inakaribia kuwa mbale bila hata punje moja kuongezeka ndani yake.

Mawe ya jaani watu wa Geita huyaita magwangala. Wakazi waliyadai kwa muda mrefu, na mwaka 2016 Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, aliagiza wapewe. Msomaji wa kamusi atashangaa: watu wanagombea taka? Lakini mwenye nyundo hapimi kwa lori. Yeye huchagua jiwe moja moja, na kwa kuwa dhahabu haikutawanyika sawasawa, rundo lenye wastani duni laweza kuficha mawe machache yenye utajiri. Nguvu zake pia hazihesabiwi kwa gharama za mtambo.

Kwa hiyo napendekeza mbale ifasiliwe kuwa ni mawe yenye madini ya kutosha kumlipa anayeyasaga, kwa bei na gharama za wakati huo. Magwangala nalo lipewe kidahizo chake, nalo lisielezwe kuwa ni mawe yasiyo na dhahabu, bali mawe ambayo mwenye mgodi ameona hayamlipi.